Kalenda Kwanza, Kompyuta Baadaye: Ofisi Mpya ya Wakili Mjini Voi

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na kimya changu kina sababu. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa "mtu wa kompyuta" wa ofisi moja ndogo ya wakili hapa Voi. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ghorofani, si mbali na stendi ya magari, na mwenyewe ni binamu yangu. Yeye alisomea sheria, mimi nikasomea sayansi ya kompyuta, na tangu utotoni tumekuwa tukibishana ni nani kati yetu anayefanya kazi ya maana. Leo nataka kukiri kwamba katika raundi hii amenishinda. Nataka pia kuwaambia mawakili vijana wanaofikiria kurudi nyumbani kufungua ofisi, iwe Voi, Wundanyi, Mwatate au Taveta, jambo moja ambalo sisi watengenezaji wa programu hatupendi kulisema: msinunue programu kwanza. Nunueni daftari la tarehe kwanza.

Tulieni, nitaeleza.

Tulivyoanza

Kwa wasiojua, mtu hamalizi shule ya sheria leo akafungua ofisi yake kesho. Baada ya shahada kuna Chuo cha Sheria cha Kenya (Kenya School of Law), kuna kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, kuna mtihani, kisha kuapishwa. Hata baada ya hapo, kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinakutaka ufanye kazi ya mshahara kwa angalau miaka miwili mfululizo tangu upate cheti chako cha kwanza, ama kwa Mwanasheria Mkuu, ama kwa taasisi iliyoidhinishwa, ama kwa wakili ambaye amekuwa na ofisi yake kwa muda usiopungua miaka mitano. Binamu yangu aliifanya miaka yake Mombasa. Ilipokwisha akasema anarudi kwao.

Watu walimshangaa. Mtu anaacha Mombasa anakuja Voi? Lakini yeye alikuwa na hesabu yake. Voi ina Mahakama Kuu na mahakama ya hakimu. Wundanyi na Taveta nako kuna mahakama. Barabara ya Mombasa inapita hapa na ajali zake. Ardhi ya kaunti hii ina migogoro ya kila aina, maana mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti, na mashamba ya mkonge nayo yamechukua sehemu yake. Kinachobaki ndicho watu, mbuzi na migodi ya vito wanachogombania. Tena kuna ndovu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini madai hayo yanaanzia kwenye kamati ya kaunti, na yanahitaji karatasi zilizopangwa. Mjane wa kijiji cha kando ya mbuga hana habari na karatasi zilizopangwa. Yeye ana msiba.

Basi kazi ipo. Mimi nikajitolea: "Dada, mambo ya teknolojia niachie mimi."

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo.

Programu yangu nzuri

Nilikaa miezi mitatu nikiandika programu ya kusimamia kesi. Niliipa jina, sitalitaja kwa aibu. Ilikuwa na ukurasa wa wateja, ukurasa wa kesi, ukurasa wa malipo, rangi nzuri, na kilichonifurahisha zaidi, kikokotoo cha tarehe za mwisho. Unaingiza tarehe ya tukio, unachagua aina ya shauri, programu inakuambia mwisho wa muda ni lini. Nilijiona nimeokoa taaluma nzima ya sheria.

Kama wewe ni mtengenezaji wa programu, utaniunga mkono kwamba kuhesabu tarehe kunaonekana rahisi hadi siku utakapokufanya. Niliketi nikasoma sheria kama mtu anayesoma maelezo ya mteja. Nikakuta haya. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, muda unasogea hadi siku inayofuata ya kazi. Muda ukiwa chini ya siku sita, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi kabisa. Halafu kuna Agizo la 50, kanuni ya 4, la Kanuni za Kesi za Madai za 2010: kipindi cha kuanzia Desemba 21 hadi Januari 13 hakihesabiwi. Ni siku 24 zinazorukwa, kama vile hazimo katika kalenda.

Nikafurahi. Nikaandika kazi moja ndogo ya msimbo: hesabu siku moja moja, ukikuta siku iliyo kati ya Desemba 21 na Januari 13, iruke. Nikaijaribu kwa mifano ya siku 14 na siku 30, ikatoa majibu sahihi. Nikaifungia ndani ya programu, na kila tarehe ya mwisho ikawa inapitia hapo.

Kila tarehe. Shikilieni neno hilo.

Bahasha ya kaki

Novemba 2025 alikuja mzee mmoja wa upande wa Maungu na bahasha ya kaki. Mwanawe aligongwa na lori katika barabara kuu akiwa kwenye bodaboda. Alipona, lakini mguu haukurudi kuwa mguu. Ajali ilitokea Januari 6, 2023. Kwa muda wote huo waliambiwa na huyu na yule kwamba "kampuni ya bima inashughulikia". Hakuna aliyekuwa akishughulikia chochote.

Binamu yangu aliingiza habari zile katika programu. Programu ikafikiri kidogo, ikaandika kwa rangi ya kijani: Machi 26, 2026. Muda upo tele.

Yeye hakusema kitu. Alifungua shajara yake nyekundu, ile ya kununua dukani, akaandika tarehe kwenye ukurasa wa Desemba 1, akazungushia duara Januari 6. Kisha akanipigia simu.

"Kaka, hii Machi 26 umeitoa wapi?"

Nikamwambia programu imehesabu.

"Imehesabu kwa sheria gani?"

Nikaanza kueleza Agizo la 50. Akanikatiza. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba kanuni ile ya likizo inagusa muda uliowekwa na Kanuni zenyewe au na amri ya mahakama. Haigusi muda uliowekwa na Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Kesi ya madhara ya ajali ina miaka mitatu. Miaka mitatu ya kalenda, pamoja na Krismasi zake zote. Programu yangu ilihesabu siku moja moja kama askari, ikaruka likizo tatu zima za siku 24, ikaruka na siku saba zilizobaki za Januari ile ya kwanza. Jumla siku 79 za zawadi, ambazo hakuna hakimu aliyemzawadia mtu yeyote.

Fikiria kama angeiamini. Angefungua kesi Februari, kwa utulivu kabisa, na wakili wa upande wa pili angesimama na kusema sentensi moja tu: muda umepita. Mlango wa kumwomba jaji muda zaidi upo, lakini ni mwembamba, na kuiamini programu ya binamu yako sioni kama ni sababu ya kupitia hapo. Yule kijana angepoteza haki yake milele kwa sababu mimi nilitumia kazi moja ya msimbo mahali palipohitaji mbili.

Sikulala vizuri usiku ule. Katika kazi zangu za kawaida, nikikosea, kitufe kinakaa upande usiofaa, au mteja analipa mara mbili na tunamrudishia. Hapa kosa lingekuwa mguu wa mtu.

Kwa nini ofisi ndogo iko hatarini zaidi

Sasa kuna mtu atasema: hilo ni kosa lako wewe, rekebisha programu, mambo yaendelee. Kweli, kosa ni langu, na nimelirekebisha. Lakini tatizo ni kubwa kuliko mstari ule.

Katika ofisi kubwa ya Nairobi, tarehe inaonwa na macho mengi. Kuna karani, kuna wakili mdogo, kuna mwenye ofisi anayeuliza. Katika ofisi ya mtu mmoja, macho ni mawili tu, na hayo macho asubuhi yako Wundanyi kortini, mchana yako barabarani, jioni yako kwa mteja. Mtu aliyechoka hupenda kuamini kitu kinachoandika kwa rangi ya kijani. Hapo ndipo programu inapokuwa hatari: haikosei mara nyingi, kwa hiyo unaacha kuiangalia.

Na tarehe zenyewe ziko nyingi. Madai ya mkataba, miaka sita. Madhara ya ajali, mitatu. Ardhi, kumi na miwili. Mfanyakazi aliyefukuzwa, mitatu. Ukiwa unaidai Serikali kwa madhara, miezi kumi na miwili tu, na hapa wengi hunaswa, maana wanadhani wana mitatu. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, siku 30. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, siku 14. Isitoshe, cheti cha wakili mwenyewe cha kufanyia kazi huisha Desemba 31 kila mwaka, katika msimu ule ule ambao kila mtu anafikiria pilau.

Hata sikukuu zinasumbua. Mimi niliziandika ndani ya programu kama orodha, nikasahau kwamba Idd hutegemea mwezi na tangazo la Waziri, wakati mwingine likitoka siku chache tu kabla. Siku za kitaifa nazo hubadilishwa majina na Bunge. Kompyuta haijui mambo hayo mpaka mtu aiambie, na katika ofisi ya mtu mmoja, mtu huyo ni yule yule aliye barabarani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: shajara ya karatasi, moja, nyekundu kama utapenda, na kila tarehe iandikwe kwa mkono pamoja na sheria iliyotoka. Kisha kalenda ya kompyuta au ya simu, iwe na onyo la siku 60, la siku 30 na la wiki moja. Hizi mbili zilinganishwe kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Zikitofautiana, kazi zote zisimame mpaka ijulikane ni ipi iliyo sahihi. Gharama yake ni ndogo kuliko malipo ya mwezi mmoja ya programu nyingi za mawakili za ng'ambo, ambazo hulipiwa kwa dola na hazijui Agizo la 50 ni mnyama gani.

Mali bila daftari

Jambo la pili ni pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani walikuwa wakimwonya wakili mwenye M-Pesa.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mteja wa Kasighau hana haja ya kupanda matatu kuja kulipa. Anatuma. Swali ni anatuma wapi. Wiki za kwanza, wateja walikuwa wakituma kwenye nambari ya binafsi ya binamu yangu, ile ile anayonunulia mboga. Humo mlikuwa na ada yake, mlikuwa na pesa za mteja za kulipia mahakama, na mlikuwa na zawadi ya shangazi. Yote katika kapu moja.

Kanuni za Hesabu za Mawakili haziruhusu hivyo. Pesa za mteja zinatakiwa ziingie katika akaunti ya wateja, mbali na akaunti ya ofisi, na hesabu zake ziandikwe. Wakili anayetumia pesa za mteja kulipia kodi ya nyumba, hata kama anakusudia kuzirudisha Ijumaa, ameshaingia shimoni. Na hakuna wizi uliohitajika hapo, ni kuchanganyikiwa tu.

Hapa teknolojia ilisaidia kweli, nami nafurahi kusema hivyo. Alifungua akaunti mbili benki, akapata nambari mbili za kulipia za Lipa na M-Pesa, kila moja imeunganishwa na akaunti yake. Nambari ya pesa za wateja imebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Ile ya binafsi haitajwi kwa mteja tena. Daftari la pesa ni jedwali la kawaida la LibreOffice, programu huria isiyolipiwa: tarehe, nambari ya faili, jina, kiasi, nambari ya muamala, pesa za nani, zimetumika wapi. Safu saba. Kila jioni analinganisha na ujumbe wa M-Pesa. Sikuandika msimbo wowote, na ndiyo sehemu ya ofisi inayofanya kazi vizuri kuliko zote. Inauma kidogo, lakini ndiyo hali.

Siri zinazobaki saiba

Jambo la tatu. Ofisi nyingi ndogo huanza bila mashine ya kuchanganua karatasi. Mteja anakuja na hati miliki, wakili anamtuma saiba ya chini: "Nenda wakuskanie, wanitumie." Kijana wa saiba anachanganua, anatuma, mteja analipa, anaondoka. Faili linabaki kwenye kompyuta ya saiba. Jaribu siku moja kufungua folda ya vitu vilivyopakuliwa katika saiba yoyote ya mji huu. Utakuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya hospitali, mikataba ya ardhi. Mimi nimeona, nikaifunga folda haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo kwa bahati mbaya.

Mawasiliano ya wakili na mteja ni siri, inalindwa na Sheria ya Ushahidi. Juu ya hapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Sasa utaarifu nini kama hata hujui kompyuta ya saiba ina nini?

Kwa hiyo, kabla ya kununua kiti cha ngozi cha kuzunguka, nunua mashine yako ya kuchanganua, hata iwe ya mtumba. Kisha simba diski ya kipakatalishi chako, yaani data yote igeuzwe isisomeke bila neno la siri. Windows nyingi zina BitLocker, na Linux ina njia yake ambayo huiweka siku ya kwanza unapoisakinisha. Kipakatalishi kikiibiwa kwenye basi la usiku, mwizi amepata chuma na plastiki, hakupata siri za wateja. Na ukinunua mashine ya mtumba, uliza ina mfumo gani: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025, na nyingi zinazouzwa madukani bado ziko nayo.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye mashine, moja kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, moja mbali na ofisi. Voi tunajua umeme wetu, na tunajua vumbi letu. Majina ya mafaili yaanze na mwaka na nambari ya faili, kwa mfano 2025-017, ndipo jina la hati lifuate. Usiandike "affidavit mpya ya mwisho kabisa 2". Tumeandika hivyo sote, na sote tumelia.

Mahakama iko mtandaoni, mshindani naye yuko mtandaoni

Wengine mtasema nimekuwa mpinga maendeleo. Hapana. Mahakama ya Kenya ilianza kupokea kesi kwa mtandao jijini Nairobi Julai 1, 2020, wakati wa korona, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua mfumo huo kwa mahakama za nchi nzima. Kwa wakili wa Voi hili ni jambo kubwa sana. Hati ya Mombasa anaiwasilisha akiwa kwenye kiti chake, ada analipa kwa simu. Sheria na hukumu zenyewe anazisoma bure katika tovuti ya Kenya Law, kitu ambacho mawakili wa nchi nyingi hulipia pesa nyingi. Mahitaji yake ni laini mbili za mitandao tofauti, betri ya akiba ya kompyuta, na nidhamu ya kutosubiri saa tano usiku wa siku ya mwisho, maana mfumo ukikwama usiku huo utazungumza na ukuta.

Lakini mlango uliofunguliwa hupitisha watu pande zote mbili. Kama wakili wa Voi anaweza kuwasilisha hati Nairobi, wakili wa Nairobi naye anaweza kuwasilisha Voi, na mara nyingi akatokea mbele ya jaji kwa video bila kupanda treni. Yeye ana makarani, ana jina, ana tovuti inayong'aa. Sasa wakili wa chumba kimoja atashindana kwa nini?

Si kwa tovuti. Tovuti inaweza kusubiri. Tena matangazo ya mawakili yana mipaka: kwa miaka mingi yalikatazwa, Mahakama Kuu mwaka 2012 ikaona katazo la jumla linakiuka Katiba, kisha kanuni za 2014 zikayaruhusu kwa masharti. Ukurasa mmoja wenye jina, anwani na simu unatosha kwa mwaka wa kwanza.

Atashindana kwa kuwapo. Yule mzee wa bahasha ya kaki hakutafuta wakili kwenye mtandao. Alimuuliza mtu, mtu akamwonyesha ngazi. Alipofika alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kidawida, na sehemu muhimu ya habari yake, kwamba kulikuwa na shahidi wa pili, ilitoka katika ile sehemu ya Kidawida. Video isingemfikia huyo mzee. Kwa hiyo teknolojia ya ofisi kama hii ina kazi moja: kumpunguzia wakili makaratasi ili apate nusu saa zaidi ya kumsikiliza mtu aliye mbele yake. Kama inamwongezea skrini ya kutazama wakati mteja anazungumza, itolewe.

Na ile akili bandia?

Najua mtaniuliza. Mwaka 2023 jijini New York, mawakili wawili waliwasilisha mahakamani hati yenye kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kesi hizo hazikuwahi kuwapo duniani. Jaji akatoza faini ya dola 5,000. Watu waliwacheka sana. Mimi sikucheka sana, kwa sababu programu yangu haikuwa na akili bandia hata chembe, na ilifanya jambo lile lile: ilitoa jibu kwa uhakika bila kuonyesha limetoka wapi.

Nadhani hicho ndicho kipimo cha kutumia kwa chombo chochote kinachoingia ofisi ya wakili. Kiulize kama binamu yangu alivyoniuliza mimi: umeitoa wapi? Kama hakiwezi kujibu kwa kutaja sheria na kifungu ambacho wakili anaweza kukifungua na kukisoma mwenyewe, basi kitumike kuandika barua ya kuomba kodi ipunguzwe, kisiguse haki ya mtu.

Programu yangu bado ipo. Nimeondoa rangi ya kijani. Kila tarehe sasa inakuja na kifungu chake na maneno "haijathibitishwa", na inabaki hivyo mpaka wakili aandike herufi za jina lake. Muda wa Kanuni una hesabu yake na muda wa Sheria una yake. Hata hivyo binamu yangu bado hufungua shajara nyekundu kwanza, na sijamuuliza kwa nini.

Kesi ya kijana wa Maungu ilifunguliwa Desemba 3, 2025, kukiwa na zaidi ya mwezi mzima mkononi. Sijui itaishaje, hiyo ni kazi ya mahakama. Ninachojua ni kwamba itasikilizwa.

Wewe unayepanga kufungua ofisi yako, nakutakia kila la heri. Nenda dukani ununue shajara. Mimi utanipata baadaye, nikija kukufungia mashine ya kuchanganua.